Blogger na YouTube kwa anayeelezea mambo ya Unguja na Pemba: tathmini ya mtumiaji wa huduma zote mbili

Tathmini hii inahusu huduma mbili za bure za kampuni ya Google, yaani Blogger, ambayo ni ya kuandikia, na YouTube, ambayo ni ya kuwekea video. Nimezipima kwa kazi moja tu, nayo ni kumweleza mtu mambo ya visiwa vyetu, hasa chakula, usafiri na shughuli za kila siku, kwa namna ambayo aliyeko mbali ataweza kuyaamini na mwenyeji hatayakana. Uzuri wa rangi na wingi wa mapambo ya kurasa sikuushughulikia. Wengi tumezoea kusikia kwamba video haidanganyi kwa kuwa mtu anaonekana uso na anasikika sauti, na kwamba maandishi ni rahisi kuyatunga kwa kuwa mwandishi amejificha nyuma yake. Baada ya kuzitumia huduma zote mbili kwa mambo ya hapa hapa, rai yangu ni nyengine: kamera ni shahidi mzuri wa mikono, sauti na mahali, lakini kwa maneno ya watu kalamu imenipatia ukweli mwingi zaidi.

Blogger ndiyo kongwe. Ilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, na Google ikainunua mwaka 2003. YouTube ilikuja mwaka 2005, na video yake ya kwanza, iliyowekwa tarehe 23 Aprili mwaka huo, ina urefu wa sekunde 19 tu na inamwonyesha Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu, akizungumzia tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego. Mwaka uliofuata Google iliinunua nayo kwa dola bilioni 1.65, ndiyo maana leo akaunti moja inafungua milango yote miwili. Katika Kiswahili, waliotangulia walikuwa watu wa maandishi na picha za mnato: Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, kisha Muhidin Issa Michuzi aliyeanza mwaka 2005 na kuwazoesha Watanzania wengi kufungua blogu kila asubuhi. Wakati huo msomaji alimpima mwandishi kwa alichokiandika jana na juzi, kwa sababu hakuwa na kipimo chengine.

Nianze na jambo lililonifanya niipime kamera kwa uangalifu. Mama mmoja wa Jang'ombe, anayeuza urojo jioni mbele ya nyumba yake, aliniruhusu nirekodi namna anavyoupika, kwa sharti kwamba nichukue mikono na sufuria tu. Nilipoisimamisha simu kwenye kistendi chake na taa ndogo nyekundu ikawaka, alibadilika kabisa. Alianza kusema "watazamaji wetu", akamtuma mtoto kwa jirani kuazima kikombe cha kupimia, akapima unga wa ngano vikombe viwili, akataja vijiko vya manjano na vya chumvi kwa utulivu mkubwa. Simu ilipozimwa, alikirudisha kikombe cha watu na akaanza kupika anavyopika siku zote: aliuteka unga kwa mkono, akaukoroga kwanza katika maji baridi usifanye madonge, akaumimina kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka na maembe mabichi yaliyopondeka, kisha akasimama kimya akiuangalia unavyoteremka kutoka kwenye upawa. "Mwanangu," aliniambia, "urojo haupimwi kwa kikombe. Ukiinua upawa ukaona unashuka kama uzi mnene usiokatika, basi tena, zima moto. Mengine ni ndimu na mkono wako."

Maneno hayo hayamo katika video. Yamo katika makala niliyoiandika usiku ule ule, na ndiyo maelezo sahihi ya urojo wake. Sisemi kwamba mama yule aliwadanganya watazamaji. Alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye adabu hulifanya anapojua kwamba anatazamwa na wageni: alijitengeneza, akatandika mkeka mpya, akasema kama wanavyosema watu wa televisheni. Tatizo ni la chombo, kwa sababu kamera inapowashwa inamwita mtu ajionyeshe, ilhali daftari likikaa magotini kwa adabu husahauliwa baada ya muda mfupi na mazungumzo yakarudi kuwa ya kawaida. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Muscat akiona vikombe viwili vya unga ataamini kwamba ameona ukweli kwa macho yake, na kwa hakika ameona kwa macho yake jambo ambalo halifanyiki nyumbani mle.

Kwa haki hiyo hiyo lazima niseme mahali ambapo kalamu yangu ilishindwa, napo ni Wete, kwenye halua. Mpishi wa halua anaanza na wanga uliotiwa maji, sukari, samli na hiliki, na kazi yote baada ya hapo ni kukoroga kwa mwiko mrefu bila kuuacha ushike chini. Unaweza kuandika kwamba halua imeiva pale samli inapoanza kujitenga pembeni na donge likaanza kuteleza lenyewe sufuriani, na utakuwa umesema kweli. Lakini msomaji ambaye hajapata kuliona hatalijua jambo hilo litakapomtokea mbele yake. Sekunde ishirini za video zilizoonyesha mng'aro wa samli ukipanda juu, na sauti ya mwiko ikibadilika kadri donge linavyozidi kuwa zito, zilitosha. Hapakuwa na haja ya mtu kuzungumza, wala mpishi hakuwa na nafasi ya kujipamba, kwa kuwa moto na mwiko vilimshughulisha. Kwa kazi ya mikono ambayo haimpi mtu nafasi ya kuigiza, YouTube haina mfano.

Ni vivyo hivyo kwa lafudhi. Mzee wa Makunduchi akizungumza kwa lahaja yake, au mvuvi wa Tumbatu, au mtu wa Micheweni akisimulia kwa Kipemba cha ndani, anapoteza nusu ya alichonacho akiandikwa kwa herufi za Kiswahili sanifu. Ningependa sana vijana wenye simu nzuri wazielekeze kwa wazee hawa badala ya kurekodi machweo ya Nungwi ambayo tayari yamejaa mtandaoni. Halikadhalika majengo: Beit al Ajaib ilipoporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Disemba 2020, kila aliyekuwa na picha au video ya roshani zake alijikuta ana kumbukumbu yenye thamani, hata kama aliichukua akiwa anapita tu kuelekea Forodhani.

Suala la stara linanigusa kuliko yote, na nasikitika kwamba tathmini za huduma hizi zinazoandikwa kwengineko haziligusi. Wengi wa wenye elimu ya mapishi, ya dawa za mitishamba, ya mapambo ya bibi harusi na ya nyimbo za unyago ni wanawake ambao hawataki sura zao zizagae, na wana haki kamili ya kutotaka. YouTube ina kifaa cha kufifiliza nyuso tangu mwaka 2012, na kinafanya kazi yake vizuri kwa mji mkubwa ambao watu hawajuani. Mtaani kwetu hakifai kitu. Mtu anatambulika kwa kanga yake, kwa mlango wake, kwa baraza analokalia na kwa sauti yake kabla uso haujaonekana, na video ikishatumwa kwenye makundi ya WhatsApp hakuna wa kuirudisha. Maandishi yanaweza kuchukua elimu ya mtu na kumwacha yeye mwenyewe ndani ya nyumba yake. Anayedhani kwamba kuficha jina la msimulizi kunapunguza ukweli wa habari hajapata kukaa na bibi anayefahamu mengi na asiyetaka kujulikana. Mengi aliyonieleza yalikuja kwa sababu alikuwa na uhakika kwamba hataonekana.

Sasa nije kwenye fedha, kwa kuwa fedha ndizo zinazoamua sura ya video nyingi tunazoziona. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo kwa video ndefu, chaneli yako inatakiwa iwe na watu 1,000 waliojiunga nayo na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 iliyopita. Saa 4,000 ni dakika 240,000, maana yake ikiwa kila mtazamaji anakaa dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Ukishaingia, unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video zako ndefu. Tangu mwaka 2012 mfumo wa mapendekezo unaangalia muda ambao watu wanakaa kwenye video kuliko idadi ya waliobofya, na tangu Julai 2020 video ikifika dakika nane inaruhusiwa kuwekewa matangazo katikati. Ndiyo sababu pishi la dakika tatu linafikishwa dakika nane, kwa salamu ndefu, kwa kurudiarudia, na kwa mwenye chaneli kuonyesha mshangao mkubwa juu ya bajia ambayo ameila tangu utotoni. Mshangao huo hauna ubaya wa dhati, lakini si wa kweli, na mtoto wa Darajani anaujua.

Blogger haina shinikizo la aina hiyo, kwa sababu hata ukiiwekea matangazo, hakuna anayekutaka ufikishe maneno elfu mbili. Makala ya aya tatu inaweza kukaa ikiwa na aya zake tatu. Upande wa pili wa uhuru huo ni kwamba kipato chake ni kidogo sana, na mtu anayetaka kuishi kwa kazi hii ataona vigumu kuendelea. Nawaheshimu wanaochagua video kwa sababu ya riziki. Ninachoomba ni kwamba wasiseme wameichagua kwa sababu ina ukweli zaidi.

Kuna faida ya Blogger ambayo mtu haioni siku ya kwanza, nayo ni urahisi wa kurekebisha. Makala yangu kuhusu usafiri wa boti kutoka Malindi kwenda Mkoani ina ratiba, nauli na maelezo ya mzigo, na mambo hayo hubadilika. Nikipata habari mpya nafungua makala, nabadilisha mstari, naandika chini yake tarehe ya mabadiliko, na anwani inabaki ile ile kwa kila aliyeihifadhi. Katika YouTube unaweza kukata kipande cha video au kufifiliza sehemu, lakini huwezi kuweka video mpya mahali pa ile ya zamani chini ya anwani ile ile. Kinachobaki ni kuandika sahihisho kwenye maelezo ya chini, ambayo wengi hawayafungui, wakati sura yako inaendelea kutaja nauli ya zamani kwa uhakika ule ule. Kwa msafiri anayefika bandarini alfajiri akiwa na watoto na mizigo, tofauti hiyo ni kubwa.

Ama uongo, huo umepita katika njia zote mbili, na historia inao mfano wa kila upande. Mwaka 2006 chaneli ya YouTube iliyojiita lonelygirl15 ilipata wafuasi wengi waliomhurumia msichana aliyekuwa akizungumza na kamera chumbani kwake, hadi ilipobainika Septemba mwaka huo kwamba alikuwa mwigizaji, Jessica Rose, na kwamba maneno yake yalikuwa yameandikwa na watu wengine. Mwaka 2011 blogu ya maandishi iliyodaiwa kuwa ya Amina, mwanamke wa Damascus, ilisomwa na kunukuliwa na vyombo vikubwa vya habari, kisha ikagundulika kwamba mwandishi wake ni Mmarekani mwanamume, Tom MacMaster, aliyekuwa akisoma Edinburgh, na kwamba picha zilizotumika ni za mwanamke mwengine kabisa aliyeishi London. Uso uliwapoteza wale na maneno yakawapoteza hawa. Wote wawili walifichuliwa na watu walioacha kutazama namna habari inavyosemwa wakaanza kuulizia vitu vinavyoweza kuhakikishwa, kama vile picha imetoka wapi na nani anamjua mhusika ana kwa ana.

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, maandishi yamepata mtihani mpya, kwani mashine inaweza kuandika makala juu ya Mji Mkongwe bila kuwahi kuvuka bahari. YouTube, kwa upande wake, imewataka wenye chaneli tangu mwaka 2024 waweke alama kwenye video zilizotengenezwa au kubadilishwa kwa teknolojia na zinazofanana na ukweli. Blogger haijamtaka mwandishi jambo kama hilo. Hivyo mwandishi analazimika kujithibitisha kwa yale ambayo mashine haiyapati: ni upande gani wa Marikiti ya Darajani penye pweza asubuhi, nani anauza mkate wa kumimina karibu na Mkunazini siku za Ramadhani, wali wa nazi unanukiaje ukipikwa kwa makumbi. Mambo haya madogo ndiyo msomaji mwenyeji anayoyatumia kumkagua mwandishi, na hakosei mara nyingi.

Kwa udhamini, nampa YouTube pointi. Ina kisanduku ambacho mwenye chaneli hukiwekea alama iwapo video ina matangazo ya kulipiwa, na mtazamaji anaonyeshwa taarifa mwanzoni. Blogger inamwachia mwandishi na dhamiri yake. Hoteli moja ya pwani ya mashariki iliwahi kunipa chumba cha bure kwa sharti kwamba niandike kama mgeni aliyejilipia, na nilipokataa, nikaelezwa kwamba wenzangu wengi hukubali. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado, kwa kuwa anayedanganywa ni mtu anayehesabu fedha zake ili awalete wazazi wake wapumzike siku mbili Unguja. Tangu hapo mstari wa kwanza wa kila makala yangu ya hoteli au mkahawa unasema nani amelipa. Ningefurahi iwapo Blogger ingeweka kisanduku kama hicho.

Yapo mambo mengine ya kupita haraka. Kwa bando, video ya dakika kumi ya ubora wa 480 inakula takriban megabaiti 80, wakati makala yenye picha chache inafunguka kwa megabaiti moja au mbili, na tofauti hiyo ni muhimu kwa mwanafunzi wa skuli aliyeko Konde. Blogger inaonekana ya kizamani na haibadilishwi mara kwa mara, na kwa kuwa Google iliifunga Google Reader mwaka 2013 na Google+ mwaka 2019, ni busara kupakua nakala ya blogu yako mara kwa mara, jambo ambalo huduma yenyewe inaliruhusu kupitia mipangilio. Kisheria, kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilizigusa blogu na televisheni za mtandaoni kwa pamoja, kwa ada zilizozidi shilingi milioni 2 wakati ule, na wengine walisimamisha kazi zao. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo anayeanza leo aulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla ya kutangaza.

Kwa anayetaka kuanza na ana simu moja tu, ushauri wangu ni afungue Blogger kwanza na aandike kwa miezi kadhaa, mpaka watu wa mtaani kwake wenyewe waanze kumsahihisha na kumwongezea. Kisha afungue YouTube kwa akaunti ile ile, aweke vipande vifupi vya mikono, sauti na mahali, bila salamu ndefu, na avibandike ndani ya makala husika, kwani Blogger inaruhusu kuweka video ya YouTube katikati ya maandishi. Anwani ya makala nayo iwekwe katika mstari wa kwanza kabisa wa maelezo ya video, kwa sababu kwenye simu mistari inayofuata hufichwa mpaka mtu abonyeze.